Flipa ya Papa

Juzi, kwenye baa moja ya Lubumbashi, niliona flipa, ile mashine ya kurusha gololi, nikakumbuka alasiri moja kwetu Likasi. Papa, baba yangu, alikuwa akifufua flipa iliyokosa vipande vingi. Alikata lastiki kutoka tairi kuukuu. Gololi ilitoka kwenye beringi ya lori. Nyumba nzima ilinuka raba. Kengele zilipolia hatimaye, alimwita Bijou, mtoto wa jirani.

"Anza weye, Bijou."

"Na miye, papa?" nikauliza.

"Weye uko na kesho."

Nililia kwa wivu, nikidhani anampenda kuliko mimi. Sikujua kwamba akina Bijou walikuwa wakifukuzwa mjini, kama watu wote wenye asili ya Kasai, warudi kwao, na jioni ile wangehamia stesheni kungoja treni.

Kesho yake nilicheza peke yangu, nikifurahi kwamba hakuja.