Mume wangu alinipiga chapa ya gunia, sasa dume lake jeusi liko mikononi mwangu

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu lificheni. Umbo langu msihangaike nalo, halifichiki. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mwiraqw wa Maretadu niliyeolewa na Mbarbaig, na tunaishi kwenye kambi ya shamba moja la ngano la serikali huku Hanang. Mume wangu ni dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Watoto ni wanne, wote wakubwa, na kila mmoja aliniachia kilo zake alipotoka.

Mwaka jana nilianza kuishiwa pumzi hata nikiinama kuwasha jiko. Nesi wa zahanati akanipima presha, akatikisa kichwa: "Mama, punguza mwili. Fanya mazoezi." Nikaanza kukimbia asubuhi kwenye barabara ya katikati ya mashamba. Ndugu zangu, mama wa umri wangu akikimbia huku kwetu, watu hawaoni mazoezi. Trekta la kwanza lilisimama, dereva akavua kofia: "Shikamoo mama. Pole sana. Nani amefariki?" La pili likataka kunipa lifti hadi msibani. Nikaacha.

Aliyeniokoa ni mke wa fundi mgeni anayetengeneza mashine za shamba. Sisi tunamwita Madamu. Kwao, upande wa mama yake, wanawake wana ngoma ya tumbo: miguu imetulia, mabega yametulia, tumbo na kiuno ndivyo vinavyofanya kazi. Alitualika akina mama sebuleni kwake, akafunga mapazia, akawasha kaseti. Mwanzoni mwili wangu wote ulitikisika isipokuwa sehemu iliyotakiwa. Nilielewa siku nilipojiambia napepeta ngano, ila ungo uko kiunoni. Nikashona visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, kwenye kanga kuukuu, nikajifunga. Nikizungusha, vinalia kama kengele za mbuzi. Kufikia mavuno presha ilikuwa imeshuka, napanda kilima cha zahanati bila kukaa njiani, na gauni langu la Krismasi linafunga zipu. Nilijisikia msichana. Msicheke.

Sasa sikieni. Siku moja nilimpelekea mume wangu chakula ghalani, pale magunia yanapopimwa. Wafanyakazi wamejaa. Akaniita kwa sauti: "Mama Paulo! Panda mizani tuone hiyo ngoma imepunguza nini." Mjinga mimi nikapanda kwa furaha. Nilijua nimepungua, nikataka anisifu mbele ya wenzake. Akasogeza jiwe la mizani, akasoma, akawageukia: "Gunia na debe zima! Leteni sindano tushone mdomo!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ndiyo tabia yangu. Lakini hakutosheka. Akachukua lile bati lililotobolewa herufi na brashi ya rangi nyeusi wanayopigia magunia chapa, akanigeuza, akanichapa kiunoni juu ya kitenge: DARAJA LA TATU. Ngano ya daraja la tatu hulishwa kuku. "Tumbo limeshazaa, limechoka," akasema, "linachezeshwa la nini?"

Nilivuka kambi nzima na maandishi yale nyuma yangu. Sikucheka tena.

Mtu mmoja pale ghalani hakucheka tangu mwanzo. Ni Mama Gida, mke wa kaka yake mume wangu, anayetuletea maziwa kutoka bondeni. Alinifuata nyumbani, akaweka kibuyu chini.

"Amesema tumbo lililozaa limechoka?"

"Amesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na kuku wao."

"Basi hilo si lako peke yako. Nyamaza, utuachie."

Kwa Wabarbaig, mwanaume akidharau uzazi wa mwanamke, wanawake wote wanakaa kikao chao, na hakuna mzee wa kiume anayethubutu kukisogelea. Wiki ile walipanda kutoka bondeni na fimbo zao, wakakaa kwenye majani nyuma ya ghala, wakaimba, wakahukumu: atoe dume lake jeusi la ng'ombe. Dume hilo analitunzia kwa kaka yake, na akifika kule husalimia dume kwanza, kaka baadaye. Litachinjwa siku kombaini ya mwisho itakapoingia gereji. Nyama italiwa na wanawake tu, na mimi nimeombwa nicheze na visoda vyangu. Asipolitoa, hakuna mwanamke wa kwao atakayempa hata maji ya kunywa. Anayeweza kuifuta adhabu ni mmoja, mimi, nikitamka kwamba nimesamehe.

"Mama Paulo, nilikuwa natania," ananiambia.

"Najua, Baba Paulo. Na dume nalo ni utani tu."

Mwalimu wa kanisa alikuja kuniombea roho ya msamaha. Nikampa chai, nikasema amina, roho haijafika. Kila jioni nafanya mazoezi yangu karibu na kiti cha Baba Paulo, visoda vinalia, naye anaangalia ukuta. Raha yake siwezi kuwaeleza. Presha imezidi kushuka.

Ila juzi alisema, bila kupandisha sauti: "Dume likichinjwa, nahamia kwa kaka. Siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyelila." Hilo liliniingia. Tumelea watoto pamoja, tumezika wazazi pamoja.

Jana nikamkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa mbele ya beseni, anafua kitenge changu kwa mafuta ya taa. Mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni. Aliponiona akasema kwa sauti ndogo, "Haitoki."

Nilitaka kuinama nimsaidie, maana sasa naweza kuinama. Nikamwambia, "Ongeza mafuta." Nikaingia ndani.

Wasomaji, zimebaki kombaini mbili shambani. Mzee huyu nampenda, na nyama ya lile dume nimeshaiota. Nishaurini: niseme nimesamehe, au nijifunge visoda? Na wewe unayetaka kuniambia nisamehe, njoo kwanza uvae kile kitenge, ukatize nacho kambini mchana kweupe, ndipo uniandikie.