Mwiko wa Kusema Shamba ni Kubwa

Siku hizi mtu akikosa sukari kwenye chai utamsikia: umenivunja moyo. Inaniudhi. Kwetu Sepuka, enzi za Mwingereza, kuvunja moyo lilikuwa kosa la kuadhibiwa.

Tulilima kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani, kila mtu na ngwe yake. Mwiko ulikuwa mmoja: kazi haijaisha, usiseme shamba ni kubwa. Ulalamikie jua, jembe, hata wakwe zako, hakuna atakayekujali. Lakini ukitaja ukubwa wa shamba umewavunja moyo wenzako; unakaa pembeni, na pombe ya kazi utakunywa wa mwisho. Baba yangu alikuwa mkali wa mwiko huo kuliko wote. Mjomba, kaka yake mama, aliwahi kukalishwa naye hivyohivyo, akanuna msimu mzima.

Mwaka ule serikali iliamuru mashamba yote ya mteremko yapigwe matuta ya kuzuia maji. Bwana shamba akaja kwetu, akapima, akachomeka vijiti kwa mkono wake mwenyewe. Tukavifuata vijiti vile kutwa nzima, majirani wote, na mimi msichana nina ngwe yangu. Mawingu yalishaanza kukusanyika na uwele ulikuwa haujapandwa. Tusipowahi mvua, mwaka huo tungelala njaa.

Tuta la mwisho linamalizika, bwana shamba huyo, amefuatana na Mzungu wake. Mzungu akatazama, akasema matuta yanateremsha maji badala ya kuyazuia. Yavunjwe yote, yapigwe upya, la sivyo baba atapelekwa barazani kushtakiwa. Tukamgeukia bwana shamba, tukisubiri aseme vijiti ni vyake. Yeye akamwambia Mzungu kwamba watu hawa hata ukiwafundisha hawasikii.

Hasira ile mpaka leo haijanishuka. Hatukuthubutu kujibu, maana aliyejibu alifungwa. Wakaenda zao.

Baba alisimama na jembe mkononi, akilitazama shamba kutoka juu mpaka bondeni. Tulijua akisema turudie, tungerudia.

"Shamba hili ni kubwa," akasema.

Hakuna aliyemwambia akae pembeni. Mjomba akaenda kwenye mtungi wa pombe, akachota kata ya kwanza, akampelekea. Baba akaipokea bila kumtazama.