Ndege Iliyozunguka Mara Mbili

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa nimekaa na bibi barazani kwake, huku upande wa Nyarugusu, tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha juani. Bibi macho yameshazima, lakini masikio, weee! Akaacha kutafuna. "Ni yeye," akasema. "Kimbieni mkatoe ng'ombe!"

Ndipo na mimi nikausikia mlio wa ndege.

Utotoni mwangu uwanja wetu wa ndege ulikuwa nyasi tupu, malisho ya kijiji kizima. Geti la nini? Kila kiangazi walikuja marubani wa kujifurahisha, watu wanaorusha vindege vyao kama wengine wanavyoendesha baiskeli Jumapili. Zunguko la kwanza lilikuwa hodi. Bibi alipiga yowe, nasi watoto tukatoka mbio na fimbo kuswaga ng'ombe. Zunguko la pili wakikuta njia nyeupe, walitua, na vumbi likanuka petroli na samadi.

Mmoja wao, mzee wa ndevu, alimwamkia kila mtu shikamoo, hata sisi watoto, na tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi alimpenda. Siku moja akampandisha bibi angani. Aliposhuka, alishika kiuno akatangaza, "Nimeliona boma langu lote kwa mpigo. Kumbe mimi tajiri!"

Tangu hapo uwanja ukawa wa bibi. Mvua zikikatika aliwakusanya wanawake wa nzengo, majirani zetu, wakafyeka, wakavunja vichuguu, wakafukia mashimo ya mhanga. Anayelalamika aliambiwa, "Mgeni asiye na pa kutua si mgeni, ni mpita njia."

Kisha dhahabu ikaonekana pale pale. Kwenye mkutano wa kijiji bibi alisimama na fimbo yake: "Chimbeni pembeni. Katikati muache. Njia ya mgeni haifungwi." Wakakubali, wakampigia na makofi. Akarudi nyumbani ameridhika, na haukupita muda macho yakaanza kufifia. Kilichofuata hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Basi juzi nilikimbia, sijui nakimbilia nini. Uwanja mzima ni maduara, shimo kwa shimo, maturubai juu, makarasha yanasaga mawe kwa kelele. Kindege chekundu kikashuka chini kabisa, kikazunguka. Kikazunguka tena. Mchimbaji mmoja aliyejaa vumbi akaniuliza, "Dada, inatafuta nini?" Nikalia mbele yake kama mtoto. Ndege ikainuka, ikaelekea ziwani.

Niliporudi, bibi alikuwa amejifunga kitenge chake kipya, sahani ya matobolwa na karanga mapajani.

"Ameondoka," akasema.

"Ameondoka, bibi."

"Ng'ombe hamjawatoa. Watoto wa siku hizi wavivu, yaani wavivu!"

Ningemwambia nini? Ng'ombe wenyewe waliuzwa malisho yalipokwisha. Fimbo zetu ziliishia jikoni, na wale tuliokimbia pamoja wengi sasa wanachimba chini ya maturubai yale.

"Utusamehe, bibi," nikasema.

Akapapasa ungo, akafunika sahani vizuri, nzi wasiingie.

"Kesho muwahi," akasema. "Yule mtu hazunguki mara tatu."