Samaki Asiye na Magamba

Mama yangu alikuwa hajawahi kula samaki asiye na magamba. Nyumbani kwetu Marani sisi ni Wasabato, dini yetu haituruhusu kumla, na hata jirani akimletea kambare, mama humrudishia kwa upole. Kwa hiyo siku niliyomnunulia vipande vya samaki katika duka moja mjini Kisii, nilimwuliza muuzaji mara mbili kama samaki huyo ana magamba.

"Huyo ni mbuta wa ziwani, madam, magamba anayo," alisema. "Nimemchuna ngozi ili usipate taabu."

Mama alikula akasifu. Alilalamikia miiba tu, kwamba ni myembamba mno.

Juma lililofuata nilirudi. Muuzaji alikuwa ametoka, na mkewe akainama kwenye friza akatoa samaki mzima ili anikatie. Alikuwa mrefu kupita mkono wangu, bapa kama mkanda, aking'aa kama bati jipya, meno kama sindano. Gamba hata moja hakuwa nalo. Mimi ni mwalimu wa biolojia huko Gesima. Samaki huyo nimemfundisha darasani: huishi kilindini baharini, husimama wima majini akivizia mawindo, hupanda juu kuwinda, na hula hata wenzake.

"Huyu ndiye mbuta wenu?"

"Si samaki ni samaki, dada?" alijibu yule mke.

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi alivaa viatu vya kanisani akasema, "Nipeleke."

Dukani tulimkuta muuzaji mwenyewe. Nilimweleza kwamba mama alikuwa amemla samaki huyo, naye akajaribu kucheka. "Lakini mama, si ulishiba?"

"Mtoe huyo samaki," mama alisema. "Mlaze hapo mezani, uwaambie hawa watu ni nani."

Wateja walikuwa wamejaa. Muuzaji alimtoa, akasema kweli huku akitazama sakafu. Mwanamke mmoja alirudisha mfuko wake mezani akaondoka. Muuzaji akatuletea ngege wawili, samaki wenye magamba, wa bure. Mama hakuwagusa.

"Kuuza uuze," alimwambia. "Lakini mambo yangu na Mungu wangu, nani alikutuma uniamulie?"

Barabarani alinigeukia mimi. "Na wewe umesomea haya, ukanilisha bila kuangalia." Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule mwanamume.

Jumamosi mama alimwombea muuzaji kanisani, kwa sauti, nikiwa nimepiga magoti kando yake. Nilifumba macho, lakini amina sikuitikia.