Ufunguo wa Basi la Gisiri

Priscilla Boke alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya misheni karibu na Homa Bay. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo alikuwa amejifunza kuutambua usingizi kabla mwenyewe hajautambua. Kwanza mtu hunyamaza. Kisha hujipangusa uso kana kwamba ameguswa na utando wa buibui. Mwishowe macho hubaki wazi lakini hayaoni kitu.

Hayo ndiyo aliyoyaona kwa Cephas Owuor, dereva wa basi, asubuhi ya Jumatatu moja mwaka 1967, maili chache baada ya kuondoka Migori. Priscilla alikuwa akirudi kazini kutoka kwao Ukuria, alikokwenda kumzika shangazi yake. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, na uso wa dereva aliuona vizuri.

"Dereva," alisema, "jana ulilala wapi?"

Cephas alicheka. "Mama, wewe kaa tu. Hii barabara mimi naijua hata nikifumba macho."

"Nakuomba usifumbe. Simama unawe uso."

Kicheko kilipita nyuma ndani ya basi. Phelesia, mchuuzi aliyekuwa na matenga ya kuku juu ya paa na haraka ya kuuwahi mnada, alimgusa begani. "Mama, mwache afanye kazi yake. Kama unaogopa gari, si ungetembea?"

Priscilla alimeza hasira. Aliamua kumwongelesha dereva, kama alivyozoea kumwongelesha mwenzake wa zamu. Alimwuliza kwao ni wapi. Karungu. Alimwuliza kama mvua imenyesha huko. Kidogo. Alimwuliza ana watoto wangapi.

"Rongo," alijibu Cephas, kana kwamba ameulizwa mji wa mbele.

Basi lilikuwa limeanza kuteremka kuelekea mto Kuja. Mbele yao, kando kabisa ya barabara, mzee mmoja alikuwa akikokota baiskeli yenye gunia la viazi vitamu. Basi likaanza kumwendea polepole, bila kukata kona, bila honi. Priscilla alimpiga dereva ngumi ya bega kwa nguvu zake zote.

Cephas alizinduka, akazungusha usukani, akakanyaga breki. Magurudumu yaliserereka juu ya changarawe ya murami, basi likapinda na kusimama likiwa limeinamia mtaro. Injini ikazimika. Baiskeli ilikuwa chini ya bampa na viazi vimepondeka. Mzee alikuwa amerukia majanini, hajaumia.

Kisha mwanamume mmoja alitoa kichwa dirishani akamfokea mzee yule. "Unatembea katikati ya barabara kwa nini? Hii ni njia ya magari."

Wengine wakamwunga mkono. Priscilla aliwasikiliza watu aliopona nao sasa hivi wakimtukana mtu waliyekaribia kumwua, na kitu kikamkatika ndani. Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akateremka.

"Mama, rudisha," alisema Fanuel, kondakta.

"Nitaurudisha polisi."

Kituo kidogo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya daraja. Alitembea bila kugeuka, ufunguo umekazwa kiganjani mpaka meno yake yakamchora ngozi, na nyuma yake wakaja Fanuel, dereva na karibu abiria wote, wakipiga kelele. Ni mzee wa baiskeli peke yake aliyebaki, akiokota viazi vilivyosalimika.

Sajini wa kituo, Nyamweya, alisikiliza upande wa wengi kwanza. Fanuel alisema mwanamke huyu ameiba ufunguo wa basi la watu. Phelesia alisema kuku wake wanakufa juani. Mwanamume wa dirishani alisema dereva aliendesha vizuri na kwamba mama huyu ndiye aliyempiga mpaka akapotea njia.

"Ni kweli ulimpiga?" aliuliza sajini.

"Ni kweli. Alikuwa amelala."

"Nani mwingine alimwona amelala?"

Priscilla aliwageukia. Watu arobaini na zaidi, na kila mmoja alikuwa ameona la kutazama mahali pengine.

"Mmekaa ndani ya hilo basi na macho yenu," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi wodini ndiye ninayewavua nguo zilizoganda damu. Watu kama nyinyi. Wanaletwa wakiuliza gari limefanyaje, kama vile wao hawakuwamo. Sajini, usiniulize mimi. Mwulize dereva alilala lini."

Wakati huo mwenye basi, Gisiri, alikuwa amefika kwa gari lake dogo baada ya kupigiwa simu kutoka kituoni. Alimsalimu Priscilla kwa Kikuria, akamwita dada yetu, akamwomba wamalize jambo hili kinyumbani.

"Kinyumbani tutazikwa," Priscilla alimjibu kwa Kiswahili, wote wasikie.

Sajini alimtazama Cephas. "Wewe sema."

Cephas alisimama akishika kofia yake. Alimwangalia Gisiri, kisha sakafu. "Ijumaa," alisema. "Nililala Ijumaa. Dereva wa pili ni mgonjwa. Bwana aliniambia nishike safari zote mbili, hii na ya Kisumu. Nikikataa kuna wengine wanangoja."

"Basi umejifukuza kazi mwenyewe," alisema Gisiri. "Nenda nyumbani."

Sajini aliandika maelezo marefu na kumwonya Gisiri mbele ya watu. Kumshtaki hakumshtaki. Priscilla naye alionywa kwa kumpiga dereva. Dereva mwingine aliletwa, ufunguo ukatolewa, abiria wakapanda. Fanuel alimshushia Priscilla kikapu chake kutoka juu na kukiweka vumbini, akafunga mlango. Basi likaondoka.

Priscilla na Cephas wakabaki kwenye benchi la kituo.

"Umenikosesha kazi, mama," alisema Cephas. "Nina watoto watano."

"Huu ndio wakati wa kunijibu swali la watoto?" alisema Priscilla. Hasira ilikuwa bado imemjaa mpaka kooni: kwa Gisiri, kwa sajini na kalamu yake, kwa wale waliotazama pembeni. Kwa Cephas pia. "Ungekataa Jumamosi, ungekuwa na kazi au usingekuwa nayo, lakini yule mzee angekuwa na baiskeli. Ulipaswa kusema kabla..."

Kichwa cha Cephas kilikuwa kimeanguka ukutani, mdomo wazi. Priscilla aliendelea kumkaripia kwa muda, kwa sauti ya chini, kwa lugha yake ya nyumbani, kisha akaivuta miguu ya dereva ikae vizuri juu ya benchi.

Alifika hospitalini jioni juu ya lori la pamba, akakemewa na sista kwa kuchelewa. Mwezi uliofuata alimsikia mgonjwa mmoja akisema kwamba basi la Gisiri sasa lina dereva mpya, kijana hodari, anakwenda Kisumu na kurudi bila kupumzika. Priscilla aliweka chini beseni alilokuwa amelishika, akaenda kuomba karatasi ya kumwandikia mkuu wa wilaya.