Vyungu Vilivyotazama Juu

Mwe bandu, hebu tulieni, na nyie huko nyuma punguzeni kutafuna, mahindi yanapiga kelele kuliko mimi. Neema hapa ananiuliza kazi gani aandike kwenye sivii yake ya kuombea kazi na ipi aifiche. Mwanangu, mimi shule niliiona kwa mbali, moshi wa jiko la uji tu. Lakini hilo nalijua.

Nakumbuka siku moja nimesimama ufukweni mwa ziwa, Ikombe, na Lusekelo, mtoto wa mama yangu mkubwa. Lusekelo alikuwa mrefu, yaani mvua ya Kyela ikianza, yeye analowa asubuhi, sisi wengine mchana. Tulikuwa tunaomba kazi kwa mzee mmoja Mkisi mwenye mtumbwi mkubwa, anayebeba vyungu vya akina mama wa Ikombe kupeleka sokoni Matema.

Mzee akamuuliza umewahi kufanya kazi gani. Lusekelo akamwaga yote: amelima mpunga Talatala, ameanika kakao, amebeba abiria Kasumulu mpaka baiskeli ikaomba likizo. Moja akairuka. Nyuma kidogo alikuwa kwenye mtumbwi mwingine wa vyungu, ukazama, wenzake wakafa, yeye akatoka. Tangu hapo watu walisema ana mkosi. Hata kanisani akikaa, benchi linabaki lake peke yake. Sasa nani ataitaja kazi kama hiyo? Lakini wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kazi akapata. Wapakiaji wakaanza kupanga vyungu, midomo juu, kama vinavyokaa jikoni. Lusekelo akasimama akavitazama. Akaninong'oneza kwamba vyungu vya mtumbwini hufudikizwa, midomo chini. Vikitazama juu, wimbi likiingia kila chungu kinakunywa, na mtumbwi unageuka kisima.

Nikamwambia, "Kamwambie mzee."

"Akiniuliza nimejulia wapi? Kwenye baiskeli?"

Akaingia mtumbwini. Mimi nikabaki kusubiri mzigo wa pili.

Mnanijua, mimi chumvi natia kwa koleo. Hapa sina hata punje. Upepo wa Mwera, ule mkali wa ziwani, ukaja kabla hawajafika mbali, wimbi likapanda, vyungu vikanywa. Sisi wa nchi kavu tulipiga kelele tu, na kelele haiogelei. Wavuvi wakawaokoa wengine. Lusekelo aliletwa na maji kesho yake, amelala mchangani, mrefu vile vile. Jeneza la dukani halikumtosha.

Pale kaburini mama mkubwa ndiye aliyemwambia mzee ukweli, kwamba mwanaye alishawahi kuzama na vyungu akatoka. Mzee akakaa chini kwenye udongo mbichi, na suruali yake ya msibani.

"Mama," akasema, "mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Ningempa upakiaji wote. Mimi nilijua nimepata mtu wa baiskeli."

Basi, mwanangu, za kuacha zipo. Kuwinga ndege wasile mpunga ulipokuwa mdogo, acha, karatasi siyo gunia. Ya wiki moja isiyokufundisha kitu, acha. Lakini kazi iliyokuumiza ukatoka nayo akili, hiyo iandike, hata kama iliisha vibaya, hata kama watu wanainong'onea. Wakikuuliza, waeleze. Ukiificha, siku utakapoona jambo linapangwa vibaya, mdomo wako utakuwa umeushona mwenyewe. Mungu akupe kazi, Neema, akupe na bosi mwenye masikio, na kila unapoingia utoke ukiwa mzima. Ndaga fijo kwa kunisikiliza.

Hadithi ikaishia hapo. Neema akainama, akauliza kwa sauti ndogo kama hata ile kazi ya baa kule Kasumulu aiandike, maana mama yake hajui.

Mama yake alikuwa hapo hapo nyuma yake, anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Andika. Au ulifikiri miezi yote ile nasikia harufu ya bia, nikadhani ni kakao inachacha?"