Kidole ya delko ya Papa Faustin

Baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki kule Kalengera, nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba. Hakuwa mutu wa maneno mengi. Kabla ya kufungua muzinga alikuwa anapiga magoti, anaweka sikio kwenye ubao, anafunga macho. Mimi nasimama mbali, nimejifunika blanketi kichwani. Anasema: "Hawa wako sawa." Ama: "Hawa wamekasirika, twende tuchimbe viazi kwanza." Siku moja alisikiliza sana, akasimama akajipangusa magoti, akasema hawa hawana mama yao tena, watakwisha tu, hata tufanye nini. Na kweli wakakwisha. Shule niliacha mapema, mpaka leo kuandika kunanisumbua, lakini ile ya kuweka sikio nilishika. Asali na grisi si ndugu, najua. Lakini ndiyo ilinipatia kazi.

Nilishuka Goma juu ya kamiyo, lori yenye kubeba makabichi, nikaingia kwenye gereji ya kwanza niliyoona mulango wake wazi. Shefu wa atelye, ndiyo mukubwa wa mafundi wote, alikuwa Mukatoliki wa upande wa Bukavu, mutu wa kuvaa shati jeupe chini ya ovaroli, na jioni bado ni jeupe. Hakuniuliza diploma. Alichukua turnevisi, bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya moteri yenye ilikuwa inazunguka, mupini akaniwekea kwenye sikio.

"Unasikia nini?"

"Kitu kinagonga huku chini, kinapumzika, kinagonga tena."

"Nani alikufundisha makanika?"

"Nyuki, Papa."

Akaniangalia. "Vaa ovaroli. Na hiyo ya nyuki usimwambie kliyenti hata mumoja, watasema nimeweka muchawi."

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa, halafu akanituma Bunagana, kwenye paki ya kamiyo zenye kungojea duane, watu wa forodha. Huko nilikuwa chini ya Mukubwa wa Paki, mutu munene mwenye kuendesha kila kitu akiwa ameketi, hata ugomvi alikuwa anagombana ameketi. Baridi ya Bunagana, matope ya Bunagana, ningeweza kuwaeleza mpaka kesho. Naacha. Nasema tu kwamba huko ndiko nilijuana na Papa Faustin. Alikuwa dekleran, yaani mutu mwenye kushugulikia mizigo ya wengine mbele ya duane, mucheshi, viatu safi katikati ya matope yale yote. Siku Shefu aliponirudisha Goma, Papa Faustin aliniambia: "Nenda, mimi nitakufuata na kitu yenye mujini hawajaona."

Akaleta kweli. Gari ya mbio, milango mbili, nyekundu, usukani kuume kwa sababu ilipitia Uganda, chini kabisa, mutu anaingia kama anaingia kitandani. Watu wa kartiye, mutaa muzima, walitoka wakaizunguka. Shefu alilala chini yake na taa, akakaa huko muda. Akatoka uso umebadilika.

"Papa Faustin, nani alikuuzia?"

"Muzungu fulani wa Kampala, alikuwa anarudi kwao."

"Alifanya vizuri kurudi."

Vijana wenye kununua gari yenye ilikwisha kutumika, sikilizeni vile Shefu alipanga, maana ndiyo namna tulifanya kazi wakati wetu. Alisema: kwanza kusimama, pili kuishi, tatu kukimbia. Kusimama ni fren. Tulitoa plakete, zile vibao vya kufinya diski, zilikuwa zimebaki kama ukucha. Mafuta ya fren yalikuwa meusi kama chai ya jana, kwa sababu yanakunywa maji ya hewa, na yakichemka pedali inakwenda chini bila kitu. Kuishi ni vidanje: mafuta ya moteri, ya bwati ya vitesi, ndiyo giaboksi, ya magurudumu ya nyuma, yote unamwaga, usiamini mafuta ya mutu usiyemujua. Halafu kuruwa ya distribisyo, ule mukanda wa mupira wenye kufanya chini na juu ya moteri vizunguke pamoja. Hauna sauti, hauonyeshi alama, siku unakatika vali zinapiga pistoni na umebaki na chuma. Halafu maji, radiateri. Halafu filtre ya hewa, maana vumbi yetu ya Goma ni jiwe la volkano limesagwa, linakula moteri kama musasa. Pine unaangalia umri, si meno tu. Hayo yakiisha ndiyo unaongea juu ya nguvu.

Na kwa Goma kulikuwa na ya ine, yenye Shefu hakukubali gari itoke bila hiyo: kuinua. Tulikuwa tunakata mupira wa pine ya kamiyo, tunaweka juu ya resori, ndiyo springi, na chini ya tumbo ya moteri bamba la chuma. Barabara zetu ni mawe ya volkano ya zamani, yanatoka ardhini kama magoti.

Papa Faustin alikataa.

"Shefu, ukiinua hii itakuwa bwana-harusi amevaa suruali fupi."

"Barabara haijue harusi yako."

"Nitengenezee eshapema, bomba kubwa ya moshi. Watu wasikie nikifika."

"Watakusikia ukigonga mawe."

Tukacheka wote. Halafu akasema kitu bila kucheka. Mama yake muzazi, mukecuru wa Rutshuru, miguu ilikufa tangu vita ya kwanza. Papa Faustin alimukimbiza amemubeba mugongoni, kutoka kule mpaka Goma, na njiani alimuangusha mara nyingi. "Hatabebwa tena kama muzigo," akasema. "Mukimaliza, wa kwanza kupanda ni yeye. Munisaidie tu iwake vizuri na isimame vizuri. Kuinua tutaona nyuma." Shefu akaandika kazi ya kuinua mwisho.

Sasa vita ya wakati ule. Waasi walikuwa wamekwisha kukamata muji, na askari walikuwa wanapita kwenye magereji, gari yenye kuwaka wanachukua, wanasema ni ya kazi ya inchi. Za mazuti, yaani dizeli, zilikwenda zote. Za esanse, yaani petroli, zilikuwa na dawa yake: delko. Delko ni ile sahani yenye kugawa moto kwa buji, ndiyo plagi za moteri, na ndani yake kuna kidole, kitu kidogo cha plastike na chuma, kinaingia mufukoni. Ukikitoa, gari ni jiwe. Kila mutu Goma alijua kutoa kidole kama vile anajua kufunga mulango. Siku moja askari walimupiga Shefu kitako ya bunduki wakitafuta kidole ya pikapu ya padri, na toka pale akaweka sheria: gereji haiweke kidole ya mutu. Gari ikiingia, mwenyewe anakwenda nacho nyumbani, anamuachia bibi, muke wake.

Papa Faustin hakumuachia Mama Clarisse, bibi yake. Aliogopa shemeji, ndugu ya huyo bibi.

"Huyo kijana nikiacha kidole nyumbani, kesho hii gari iko kwenye baa za Birere imejaa wasichana."

Akaweka kwenye mufuko wa shati, akarudi Bunagana kazini. Sisi tukaendelea. Fren zikaisha, mafuta yakaisha, kuruwa mupya, radiateri mupya.

Ndipo mulima wa moto ukapasuka.

Mumesikia wengine wakieleza, sitaongeza. Asubuhi watu wa Kibati, chini ya mulima, walikuwa wanashuka na magodoro. Alasiri moto ulikuwa umefika mujini, unatembea kama ng'ombe wakitoka malisho, polepole, lakini hausimame. Mama Clarisse alifika na watoto, na nyuma yao majirani wawili wamebeba mukecuru juu ya kiti.

"Shefu, tupeleke Gisenyi. Si gari iko tayari?"

"Iko tayari, mama. Kidole iko wapi?"

Mama Clarisse akakaa chini, pale pale kwenye mafuta.

Gereji ilikuwa imejaa magari, na hakuna hata moja yenye kuwaka. Wenye vidole walikuwa wamekimbia navyo mufukoni. Shefu alichukua kidole ya zamani, ya pikapu iliyokufa, tundu yake si sawa. Akaipiga lima, ile tupa ya kusugua chuma, akaiingiza. Mimi pa usukani. Moteri ikakohoa, ikapiga moto kwa nyuma, ikanyamaza. Tena. Ikanyamaza. Tulikuwa tunasikia nyumba za juu zikilipuka, tanki za mafuta moja moja.

"Tusukume," Shefu akasema. "Magurudumu si yanazunguka?"

Tukamuweka mukecuru ndani, kiti cha mbele. Alipapasa ngozi ya kiti na mukono. "Wanangu," akasema, "hapa ni pazuri. Muniache humu, mukimbie." Tukasukuma. Barabara yetu ilikuwa inashuka, tulipata matumaini, watoto wakawa wanasukuma pia. Pa kona, tumbo la gari likapanda juu ya jiwe na kukaa. Hatukuweza mbele, hatukuweza nyuma. Shefu aliinama akaangalia, akapiga jiwe na kiatu, mara moja tu. Halafu akafungua mulango akamuchukua mukecuru mugongoni.

Kwenye bariere, kizuizi cha mupaka wa Rwanda, watu walikuwa wamefinyana mpaka mutu anabebwa bila kukanyaga. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake kwa nyuma. Katikati ya ile kelele Shefu akageuza kichwa, akaniambia: "Amekuwa muzito." Tulijua wote wawili. Hatukumwambia Mama Clarisse mpaka tulipofika upande wa pili.

Baadaye nilifanya kazi mingi, kwa mashirika, kwa Mukubwa mumoja wa transpor, hata nikaitwa shefu mimi pia. Nilistaafu kwa sababu masikio yalikwisha. Turnevisi ikawa kipande cha chuma tu. Vijana wananiuliza niwaachie shauri gani. Sina. Nilitengeneza magari maisha yangu yote, na yale mazuri zaidi yalichukuliwa na bunduki ama na mulima, na bunduki zimerudi, na mulima uko pale pale. Gari za leo hazina hata delko. Shefu alikufa anapanga nyumba moja ya mbao juu ya mawe, shati bado jeupe.

Lakini Papa Faustin. Barabara ya kaskazini ilikuwa imekatika, akazunguka kwa Uganda na Rwanda, akapita Gisenyi, wakamuonyesha kaburi la mama yake. Halafu akaja kwetu. Gereji haikuwepo, ilikuwa jiwe jeusi, bado la moto, soli za viatu zinanuka. Shefu alimuonyesha pa kona, pale chini ya jiwe lile gari ilipolala. Papa Faustin alisimama, mukono juu ya mufuko wa shati, pale kidole ilikaa.

"Fren mulimaliza?"

"Tulimaliza."

"Na mafuta?"

"Yote mapya. Kuruwa pia. Maji pia."

"Basi ilikuwa gari nzuri."

"Ilikuwa gari nzuri, Papa."

Shefu akaanza kumueleza vile mama alikaa kwenye kile kiti. Papa Faustin aliinua mukono kidogo, kama mutu anakataa chai. Akatusalimia mumoja mumoja, akamupa Shefu pole ya gereji. Halafu akashuka upande wa ziwa, bila haraka, viatu vyake safi vikichagua mahali pa kukanyaga. Mama Clarisse alikuja kumuuliza kwetu kesho yake, na wiki ile yote. Bunagana walisema hawajamuona. Mpaka leo.